Robo Kilo ya Mwalimu wa Fizikia

Ukimwambia Mwalimu wa Fizikia kwamba leo kuna baridi, hakuitikia. Alikutazama juu ya miwani yake na kukuuliza, "Umepima au umehisi?" Aliwauliza hivyo wanafunzi, akawauliza walimu wenzake, akamuuliza hata padri siku alipolalamika kwamba waumini wa misa ya kwanza wamepungua. Mama aliyekuwa akituuzia maandazi getini alimjibu siku moja kwamba yeye akihisi baridi anavaa sweta, hana muda wa kupima, na Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alikuwa mtu wa kucheka, nisije nikamchora kama mtu mkavu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule aliyofundisha, shule ya sekondari ya huku mlimani, juu ya Moshi. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha chupa za kemikali, kuhesabu mizani na lenzi baada ya kila kipindi, na kufunga milango. Watu waliniita Mama Flora, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na Mwalimu naye aliniita hivyo hivyo. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Nilimjua mtu yule kuliko walivyomjua wakubwa zake, maana mtu anayekufagilia chumba anakujua.

Mfuko wa shati lake haukukosa rula ya chuma. Chaki aliikata katikati kwa rula ile, nusu ya leo na nusu ya kesho, na kipande kikibaki kidogo kama punje ya hindi alikitia kwenye kopo, akisema kuna siku kitahitajika. Miaka ile sabuni na sukari vilipoadimika madukani, sisi wengine tulihangaika, yeye akawa hana habari. Chai alikuwa anakunywa bila sukari tangu zamani, na sabuni alikata vipande vya gramu sawasawa, kila kipande cha wiki moja. Mke wake aliniambia kwamba hata chumvi ya mboga ina kijiko chake na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na mkewe, tukimenya ndizi za mtori jikoni kwao.

Lakini nikuambie kwa nini watu wa mlimani walimheshimu. Kwetu kila familia ina kihamba chake, na kihamba ni migomba juu na mibuni chini. Msimu ukifika tunabeba magunia ya kahawa mpaka kituo cha kununulia. Hapo karani anatundika gunia kwenye mzani, anasoma, anaandika, unaondoka. Kwa miaka watu walinung'unika kwamba mzani ule unapunja. Walinung'unika njiani, wakanung'unika kwenye pombe ya mbege, wakifika mbele ya karani wanasema asante. Asubuhi moja Mwalimu alifika kituoni na debe la maji kichwani, ndiyo, kichwani, mwanamume mzima na shati lake jeupe. Akapanga foleni kama watu wote. Zamu yake ilipofika akamwomba karani atundike debe lile. Karani akacheka, akauliza kama siku hizi tunanunua maji.

"Hapa kuna lita ishirini," Mwalimu akasema, "na debe lenyewe nimelipima shuleni, ni kilo moja. Maji hayana mjomba wala shangazi. Soma."

Mzani ulisoma kilo kumi na nane badala ya ishirini na moja. Nilikuwepo, nilikuwa na gunia langu nyuma ya watu kama saba hivi. Hakuna aliyepiga kelele. Wazee walisogea mmoja mmoja kuutazama mshale, wakarudi mahali pao. Wiki iliyofuata tuliletewa karani mwingine na mzani mwingine. Tangu siku hiyo watu walimpisha Mwalimu apite mbele ya foleni, naye alikataa kila mara na kungoja zamu yake. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumsifu mtu mbele yangu, alimpelekea mkungu mzima wa ndizi mbivu.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme, hata kama linanichoma. Flora alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na nimonia wakati wa masika. Mume wangu alikuwa safarini, gari hakuna, barabara ni tope tupu. Mwalimu alisikia, akaja na baiskeli yake. Nilimfunga mtoto mgongoni, yeye akanipakia nyuma, tukateremka mlima ule kwenda hospitali ya mjini. Breki zilikufa kabla hatujafika nusu ya njia, akawa anazuia kwa miguu. Tulipofika chini, soli ya kiatu kimoja ilikuwa imekatika na kisigino kinatoka damu. Alikaa kwenye benchi mpaka daktari alipotoka na kusema mtoto ataishi. Halafu akaondoka, akaupanda mlima kwa miguu akisukuma baiskeli pembeni, na maisha yake yote hakuwahi kunikumbusha jambo lile hata mara moja.

Huyo ndiye mtu ninayemsema. Angekuwa mwovu tu, ningekuwa nimeshamsahau.

Kasoro yake niliiona mapema, ila sikuipa uzito. Mwalimu yule aliyemwaibisha karani mbele ya kijiji kizima, akiitwa ofisini kwa Mkuu wa shule alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimama mikono nyuma kama mtoto wa kidato cha kwanza. Mkuu akisema jambo ambalo ni wazi haliwezekani, Mwalimu alijibu, ndiyo Mkuu, itawezekana. Kisha alirudi maabara, akakaa kwenye stuli, akavunja chaki nzima vipande vipande bila rula. Mkuu wetu hakuwa mkali sana. Alikuwa mtu wa kuandika barua kwa wakubwa, na alichokiandika ilikuwa lazima kitokee. Nilimcheka Mwalimu kimoyomoyo. Nilidhani ni woga mdogo ambao kila mtu anao mahali fulani.

Sasa nije kwenye Kobe.

Mtawa mmoja wa misheni alipohama alimwachia Mwalimu lundo la majarida ya zamani, na katika mojawapo kulikuwa na habari ya roboti ndogo inayofuata mwanga. Mwalimu aliisoma mpaka ukurasa ukachanika. Akaanza kukusanya vitu. Mota mbili ndogo zilitoka kwenye tepurekoda kubwa lililoungua. Gia zilitoka kwenye saa za mezani. Vijicho vya kuona mwanga alipewa na fundi wa redio wa Kihindi kule mjini, ambaye alivitafuta kwenye makopo yake asubuhi nzima na akakataa malipo, alitaka tu aje kuonyeshwa siku kitu kitakapotembea. Mgongo wa roboti yenyewe ulikuwa karai dogo la bati lililofunikwa juu ya magurudumu, ndiyo maana tukaiita Kobe. Ukiimulika kwa tochi inakujia. Ukihama inageuka na kukufuata. Mara ya kwanza ilipovuka sakafu ya maabara kuja miguuni kwangu, nilirudi nyuma na kufanya ishara ya msalaba, na Mwalimu akanicheka wiki nzima.

Ulikuwa mchezo wake wa jioni, baada ya vipindi. Mimi niliingia kwa sababu ya mikono yangu. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli kule Pasua, chini mjini, na mimi nimekulia kwenye spoki na gololi. Mwalimu alijua hesabu, lakini bisibisi mkononi mwake ilikuwa inateleza kila mara. Alipoona nimekaza gia ya Kobe ikaacha kulia, alinikabidhi kisanduku cha vifaa. Tangu jioni ile tulikuwa wawili.

Kisha Mkuu wa shule akapita, akaona, akauliza kitu hiki kinasaidia nini katika elimu ya kujitegemea. Lilikuwa swali la haki, wakati ule kila shule ilikuwa inaulizwa. Mwalimu angesema ni cha kufundishia umeme, yangekwisha. Yeye akasimama mikono nyuma akasema kitakapokamilika kitapandisha kahawa mbichi kutoka shambani mpaka kwenye mashine ya kumenyea. "Kitapanda mlima?" Mkuu akauliza. "Ndiyo Mkuu, kitapanda." Mkuu akaenda kuandika barua.

Barua ilimfikia Afisa wa elimu mjini, na jibu likaja. Kutakuwa na maonyesho ya shule uwanjani Moshi, Kobe ipelekwe ipande ubao wa mteremko mbele ya wageni. Na chini ya barua kulikuwa na mistari miwili iliyonikosesha usingizi. Mkoa ulikuwa na nafasi moja kwa wahudumu wa maabara, mafunzo ya fundi sanifu, miaka miwili Dar es Salaam. Itakwenda kwa mhudumu atakayeonyesha kazi ya mikono yake siku ya maonyesho.

Niliitaka nafasi ile. Sijui niseme vipi ili unielewe. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimemaliza darasa la saba nikiwa wa kwanza, kaka zangu wawili walisomeshwa mimi nikaolewa. Miaka yote ile niliosha chupa za mafunzo ya watu wengine na kusikiliza masomo kupitia mlangoni. Mume wangu alinyamaza siku tatu, siku ya nne akasema niende. Mama mkwe akasema watoto watakula kwake. Kilichobaki kilikuwa Kobe ipande ubao, na Afisa aone nilichofanya.

"Ubongo wa Kobe ni wangu," Mwalimu akaniambia. "Tunahitaji stendi ya majaribio, hiyo uitengeneze wewe, yote. Siku hiyo nitaiweka mezani kando ya Kobe na kumwambia Afisa kwa kinywa changu ni ya nani."

Niliitengeneza kwa wiki tatu. Mbao zilitoka kwenye kichanja cha kuanikia kahawa kilichovunjika. Nilifunga hab mbili za baiskeli, zile za katikati ya gurudumu zenye gololi, Kobe ikakaa juu yake, magurudumu yake yakazungusha hab bila Kobe kwenda popote. Pembeni niliweka breki ya mpira wa tairi yenye skrubu. Ukikaza skrubu, hab zinakuwa nzito na Kobe inahangaika kama inapanda mlima. Kwa nyuma niliifunga kamba, kamba ikavuta springi ya kitanda cha zamani, springi ikasukuma mshale kwenye karatasi ya kipimo. Alama za kipimo nilichora mwenyewe, nyuma ya kalenda ya kanisa iliyopita muda, nikitundika maji lita moja kwenye mfuko wa nailoni, kisha nusu lita, kisha lita moja na nusu. Kilo kwa kilo, robo kwa robo. Mwalimu alipokuja kuikagua aliikaza na kuilegeza skrubu mara mbili, tatu. Akasema angeniona mimi mapema, angekuwa na mtu wa kuzungumza naye miaka yote. Nililia nikiwa njiani kurudi nyumbani, kwa furaha.

Kwa hesabu zake Kobe ilitakiwa kuvuta kilo moja na nusu ndipo iupande ubao. Ilivuta kilo moja na robo. Tulibadilisha gia, tukatia mafuta ya cherehani, tukavisha magurudumu mpira wa malapa. Kilo moja na robo. Kila jioni nilikaza skrubu polepole, mshale ulipanda, ukafika pale pale, magurudumu yakafa. Mwalimu aliandika kwenye daftari bila kuficha, na mimi nilimpenda kwa hilo. Nilimwambia tumwambie Mkuu wapunguze mteremko, ubao uwe wa chini kidogo, aibu iko wapi? Akasema atamwambia. Alikwenda ofisini. Aliporudi alichukua chaki, akaivunja.

Wiki iliyotangulia maonyesho niliomba ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi, kahawa ilikuwa imeiva na ukiiacha inaanguka. Jumatatu asubuhi nilimkuta Mwalimu mlangoni ananisubiri. Alisema amebadilisha gia moja tena, nije nione. Akaiweka Kobe kwenye stendi, nikakaza skrubu kwa mkono wangu mwenyewe, mshale ukapanda, ukapita robo, ukaenda ukagusa moja na nusu. Tukarudia mara tatu. Moja na nusu, moja na nusu, moja na nusu.

Niliruka, nikacheza pale katikati ya maabara. Sikutundika maji. Miaka yote nilisikia umepima au umehisi, na siku ile moja niliyopaswa kupima nilihisi.

Jumatano uwanja ulijaa. Ubao ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na mtu alichora theluji juu yake kwa chokaa. Stendi yangu ilikuwa mezani. Mwalimu alishika tochi, Kobe ikaifuata, ikaingia kwenye ubao, watu wakaanza kushangilia. Ilifika nusu. Hapo ikasimama, mota zinanguruma, tukasikia harufu ya waya unaoungua, ikateleza kurudi chini, ikapinduka chali, magurudumu yanazunguka hewani. Watu walicheka. Si kwa ubaya, hata mimi ningeweza kucheka.

Afisa hakucheka. Aliuliza kwa upole kama hatukuipima kabla ya kuileta.

Mwalimu alivua miwani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mkuu wa shule alikuwa upande wa pili, barua mkononi.

"Tuliipima, Mheshimiwa," Mwalimu akasema. "Lakini stendi na kipimo chake vilitengenezwa na mhudumu wetu. Nadhani kipimo kina kasoro."

Mhudumu wetu. Hakusema hata Mama Flora. Afisa alinitazama, na sikuona hasira machoni pake, niliona huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Alifunga faili lake, akasogea meza ya pili. Nafasi ilikwenda kwa mhudumu mmoja wa Rombo aliyekuwa ametengeneza mtambo wa kusafisha maji ya betri.

Unajua kwa nini sikufungua kinywa? Si kwa heshima, wala si kwa woga. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimekosea kipimo, nimemwaibisha Mwalimu wa watu. Usiku kucha niliomba msamaha kwa Mungu.

Siku ya tatu ndipo nilitaka kujua nilikosea wapi. Nilitundika lita moja ya maji. Mshale ulisoma kilo moja na gramu mia mbili. Nikatundika tena, nikapima maji upya, ikawa ile ile. Alama zilikuwa zimesogeleana. Nikainama kutazama namba, zilikuwa namba zangu, moja yangu yenye kimguu chini, tano yangu yenye mgongo wa duara. Nikaibandua karatasi taratibu, nikaigeuza. Nyuma yake haikuwa kalenda. Ilikuwa karatasi ya mtihani, nyeupe tupu.

Siku zile mbili mimi nikichuma kahawa, yeye alikuwa amekaa akijifunza mwandiko wangu. Alichora kipimo cha uongo kwa namba zangu ili mimi mwenyewe niamini. Hata karani wa kahawa hakufika huko.

Nilimfuata akiwa peke yake maabara, nikaiweka karatasi mezani. Hakukana, hilo nalo niliseme. Aliitazama, akaigeuza, akairudisha kifudifudi.

"Ilibaki robo kilo tu, Mama Flora," akasema. "Mkuu alikuwa ameshaandika barua. Niliahidiwa betri mpya za siku ile, nikajua zitaziba pengo. Betri hazikuja."

"Na mimi?"

Aliikunja karatasi mara mbili. Kisha akasema Jumatatu atakwenda kwa Mkuu na kueleza yote, na kama nafasi haijajazwa ataandika kwa Afisa mwenyewe. Karatasi akaitia mfukoni, nyuma ya rula. Nikamwamini mara ya pili, nadhani unaona sasa mimi ni mtu wa namna gani.

Jumatatu ilikuja, alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Jumatatu nyingine Mkuu alikuwa safarini. Nyingine alikuwa na mafua. Baada ya hapo sikuuliza, naye akaacha kunitazama usoni tukiwa wawili. Kobe ilikaa juu ya kabati ikashika vumbi. Stendi niliivunja mwenyewe, nikazipeleka mbao jikoni.

Tulifanya kazi pamoja miaka minne zaidi. Hilo ndilo lililonila. Kila Januari waliletwa watoto wapya, na Mwalimu aliwauliza, umepima au umehisi, nao waliandika kwenye madaftari, na mimi nilikuwa nyuma yao naosha chupa. Alipostaafu walimfanyia sherehe. Mkuu alisimulia habari ya debe la maji, jinsi mtu mmoja mkweli alivyoiokoa kahawa ya kijiji. Watu walipiga makofi, wengine walisimama. Nilikuwa napakua wali. Mwalimu aliinuka kushukuru, macho yetu yakakutana, akayahamishia kwenye sahani yake.

Mwaka uliofuata niliacha kazi. Nilirudi Pasua kwenye kibanda cha baba, nikawa fundi baiskeli na taa za karabai. Watu walikuja kushangaa mwanamke na spana, wakakuta kazi ni nzuri, wakazoea. Nimewalea watoto kwa kibanda kile, silalamiki. Ila chuo sikukiona.

Mwalimu alikuja Jumapili moja baada ya misa, karibu miaka kumi tangu maonyesho. Nilikuwa kihambani nakata majani ya ng'ombe. Niliona watu wawili wanapita kwenye migomba, mmoja ni mzee jirani yetu, wa pili ni yeye, amekonda, anatembelea fimbo. Na mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Labda wewe si wa huku, basi nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake mbele ya shahidi, anaomba msamaha, na hilo halikataliwi. Hata kama alimuua ndugu yako, halikataliwi. Ukilikataa, watu wanakuogopa wewe, si yeye. Na ukilipokea, jambo limezikwa. Hulifufui, hulisemi tena kwa mtu yeyote.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikawapa viti. Mzee jirani akasema wamekuja kwa neno la amani. Mwalimu akainuka kwa shida, akanyoosha jani. Nilimhurumia, Mungu anajua nilimhurumia. Lakini nilitaka kitu kimoja. Nilitaka aseme, kwa maneno, mbele ya mtu mmoja tu, nini alinifanyia.

"Mwalimu," nikasema, "nitalipokea. Ila niambie kwanza, unaomba msamaha wa nini?"

Alinitazama usoni, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. "Wa yale yote yaliyotokea," akasema.

"Yapi?"

Mzee jirani akaingilia kati kwa ukali. Akasema isale haliulizwi maswali, na kwamba yeye hajawahi kuona mwanamke wa kwetu akimsimamisha mzee namna hii na jani mkononi. Alikuwa na haki, kwa desturi alikuwa na haki. Nikaweka mundu chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikalipokea.

Mwalimu alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Nikawapa chai, na yake sikuitia sukari. Tukazungumza habari za mvua, akauliza habari za Flora, nikamwambia ni muuguzi, akafurahi kwa kweli, niliona. Nikafikiri labda inatosha. Labda machozi yale ndiyo maneno. Nilisimama mlangoni nikiwasindikiza kwa macho, jani bado liko mkononi, moyo umeanza kuwa mwepesi.

Walipofika kwenye migomba ya mwisho, mzee jirani, ambaye hasikii vizuri na kila anayezungumza naye hupaza sauti, alimuuliza hasa ugomvi wetu ulikuwa wa nini. Nilisikia jibu vizuri kabisa.

"Alikosea kipimo cha mashine yetu siku ya maonyesho," Mwalimu akasema, "na mimi nikamtaja mbele za watu. Nilipaswa kumsitiri. Ni hilo tu."

Mzee jirani akamsifu, akamwambia ana moyo mkubwa, wengine wangengoja aliyekosea aje yeye.

Ningeweza kukimbia nikawafuata. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya mlango. Lakini nilikuwa nimelipokea, na kwetu hilo ndilo neno la mwisho. Alifariki mwaka uliofuata, nikaenda msibani nikapika siku tatu, watu wakasimulia debe la maji, na mimi sikusema. Sikumwambia mume wangu, wala Flora. Leo nimekusimulia wewe, na najua kwa desturi yetu nimevunja kitu kisichovunjwa. Nimebakiza jina lake tu. Hilo sikulitaja.